TAHADHARI: Anayeuza tipsi za farasi za Uingereza, eti ana mtu wake kiwanjani

Wadau kuna jamaa yuko Telegram anauza tipsi za mbio za farasi za Uingereza, anadai ana mtu wake kule anampa hali ya ardhi alfajiri kabla odi (viwango vya malipo ya beti) hazijashuka, ukilipia VIP unapewa farasi wa uhakika. Msimtumie hela. Binamu yangu kashaliwa na kanionyesha chati yote.

Hiyo siri anayouza ni ya bure. Ni kweli ardhi ina maana kubwa, mvua ikinyesha uwanja ukawa tope farasi aliyezoea pakavu anakata pumzi mapema na mwingine ndo anapata raha yake, hilo halina ubishi. Ila kule kila kiwanja cha nyasi kina msimamizi, wanachoma ardhi na kifaa kama fimbo kupima ni ngumu kiasi gani, matokeo yanatangazwa kwa kila mtu na hali ikibadilika wanatangaza tena. Kampuni za kubeti nazo zinasoma hapo hapo, odi zinajirekebisha fasta.

Sasa oneni hii. Kuna meseji aliwatumia VIP wake kwamba Wolverhampton, kimojawapo cha viwanja vya kule, imenyesha usiku kucha, nyasi ni tope tupu, wekeni mzigo kwa farasi anayependa ardhi nzito. Jamani Wolverhampton hawakimbilii nyasi! Tangu 2014 wanakimbia juu ya Tapeta, mchanga uliochanganywa na nyuzi na nta, umetengenezwa makusudi ili mvua isivuruge mbio. Mtu mwenye mtu wake pale angekosaje kujua hilo?

Halafu mbio ile ile binamu kapewa farasi mmoja, mwenzie waliyejuana humo humo kapewa mwingine. Yani anagawa farasi tofauti kwa watu tofauti, mmoja lazima ashinde, huyo ndo skrinishoti yake inapostiwa, waliochaniwa mikeka wakiuliza wanatolewa kwenye grupu na meseji zinafutwa.

Kibaya zaidi anawasukuma watu wabeti wiki kadhaa kabla kwenye mashindano makubwa kama Cheltenham ya mwezi wa tatu. Bila ofa maalum, beti za mapema hivyo farasi akiondolewa kwa sababu ya ardhi hela yako hairudi, na hilo hawaambii.

Kama umeshatuma usifute chati, pigia mtandao wako wa simu sasa hivi uombe wazuie muamala, afu ripoti polisi na namba uliyotumia.