Matembezi ya Daraja la Selma: ni mafupi, ila yana mitego yake

Kila mwanzoni mwa Machi umati huvuka Daraja la Edmund Pettus mjini Selma, jimbo la Alabama nchini Marekani, kukumbuka Jumapili ya Damu. Tarehe 7 Machi 1965 waandamanaji wapatao 600, mbele yao John Lewis na Hosea Williams, walikuwa wakidai haki ya Wamarekani weusi ya kupiga kura. Wakapokewa kwa virungu na mabomu ya machozi.

Anzia kanisa la Brown Chapel, si mguuni pa daraja. Wengi hujazana Broad Street, mtaa unaoingia darajani, kwa kukwepa mwendo usiozidi kilomita moja hivi, na hapo ndipo watu wanapobanana. Toka kanisani ufuate mtaa wa Martin Luther King hadi Water Avenue, ushike kulia, kisha ukate kushoto kuingia Broad. Mwendo huo ndio unaokuonyesha kwamba watu walitoka kanisani, mtaani kwao, si darajani.

Daraja lina mita 380 hivi na limeinuka katikati. Ukiwa unapanda, ng'ambo huioni. Ndiyo maana mwaka 1965 waliwaona askari wa jimbo wamejipanga walipokwishafika juu. Leo kilele hichohicho ndicho kinacholeta kero: wa mbele wanasimama kupiga picha, wa nyuma wanazidi kusukuma. Jina la daraja (la jenerali aliyepigania upande uliotaka watumwa wabaki watumwa, ajabu hiyo!) lipige picha ukiwa chini. Anayesukuma kiti cha magurudumu ajihadhari zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mlima.

Kurudi ni kwa daraja lilelile, hivyo wanaorudi hukutana uso kwa uso na wanaokwenda. Pumzika kwanza kwenye bustani ya kumbukumbu ng'ambo, umati upungue. Mwaka anaokuja rais, kama Obama mwaka 2015, ukaguzi hula muda mwingi. Anayetaka kutembea kwa nafasi achague mwaka usio na shamrashamra.

Tunayapa nyota nne kati ya tano. Moja imepungua kwa sababu anayeishia darajani hupata nusu ya habari. Maandamano yaliyofika Montgomery, mji mkuu wa Alabama, yalifanyika 21 hadi 25 Machi mwaka huohuo wa 1965, kilomita 87, na kwenye barabara nyembamba ya wilaya ya Lowndes mahakama iliruhusu watu 300 tu. Ukiwa na gari, fuata barabara kuu namba 80 hadi kituo cha makumbusho cha Lowndes, palipokuwa na mahema ya familia zilizofukuzwa mashambani kwa kujiandikisha kupiga kura. Ila uliza kwanza siku zake za kufungua.