TAHADHARI: Cadillac Eldorado Biarritz ya 1959 za kughushi

Wadau, ukiuziwa Biarritz ya 1959, ile Cadillac Eldorado ya turubai (paa la kukunjwa), iwe bado iko Marekani au imeshafika Uholanzi, Sweden au Dubai, usitume advansi kabla ya kuona namba zake. Mwaka ule zilitengenezwa Biarritz 1,320 tu, wakati Series 62 ya turubai, Cadillac ya kawaida ya mwaka huohuo, zilitoka 11,130. Bodi zinafanana sana, bei zimeachana mno, ndiyo maana Series 62 inageuzwa kuwa Biarritz.

Matapeli wanang'oa utepe wa kromu wa ubavuni mwa Series 62, wanaziba matundu yake kwa puti, kisha wanafunga kromu pana ya Eldorado inayopita chini ya milango na kupanda madigadi ya nyuma. Rangi ikishapigwa, nje huoni kitu. Ingia ndani ya buti na tochi, umulike upande wa ndani wa bati: matundu yaliyozibwa yanajionyesha.

Usidanganyike na kabureta tatu. Injini hiyo ya Biarritz, ya nguvu farasi 345, iliuzwa kama nyongeza kwenye modeli nyingine pia. Suspenshi ya upepo nayo si ushahidi: Biarritz halisi nyingi zilishawekwa springi za kawaida kwa sababu mifuko ya upepo ilikuwa inavuja.

Ushahidi ni namba. Biarritz huanza na 59E, Series 62 ya turubai 59F, kisha tarakimu sita. Namba hiyohiyo imegongwa kwenye chesisi na kwenye bloku ya injini. Dai picha za karibu za sehemu zote mbili. Alama za grainda au tarakimu zilizopinda, achana nalo. Kibati cha bodi kisome 6467 (Biarritz), si 6267 (Series 62 ya turubai), lakini peke yake hakitoshi, kwa kuwa vibati bandia vinauzwa. Anayekupa namba ya tarakimu 17 ni tapeli moja kwa moja: mfumo huo ulianza 1981.

Hati ya umiliki ilingane na namba ya gari. Kwa gari lililo bado Marekani, forodha ya huko inataka nyaraka, pamoja na hati hiyo, saa 72 kabla ya gari kupakiwa melini, kwa hiyo "hati itafuata kwa posta" ni uongo. Na kampuni ya kushikilia pesa (escrow, inayokaa na pesa hadi gari likabidhiwe) ichague wewe. Tovuti anayokuelekeza muuzaji mara nyingi ni yake mwenyewe.

Kama umeshatuma pesa, piga simu benki leo hii wajaribu kurudisha muamala, kisha ripoti FBI, wapelelezi wa Marekani, kupitia ic3.gov, tovuti yao ya uhalifu wa mtandaoni. Hata ukiwa nje ya Marekani wanapokea.