Mbao za sakafu za mvule, milimita 20 kwa 90: mali safi, ila zikaushe kwanza

Kwa mbao zenyewe hatuna neno. Fungu tulilokagua kutoka yadi moja ya Eneo la Viwandani, Nairobi, lilirandwa vizuri, ulimi (ukingo uliochomoza upande mmoja wa ubao) unaingia kwenye mfuo wa ubao wa pili bila kupigwa nyundo ya nguvu, na mchwa hawaushambulii mvule kirahisi.

Shida ni unyevu. Usikubali kupigilia chochote kabla ya kutumia kipima unyevu: tafuta asilimia 12 au chini, na unyevu wa mbao usipishane kwa zaidi ya asilimia 2 na ule wa bateni, yaani vipande vya mbao vya chini ambavyo sakafu hupigiliwa juu yake. Zikizidi, zipange ndani ya chumba chenyewe, vioo vikiwa tayari vimetiwa, kwa vipande vya kutenganisha ili hewa ipite. Ukizipigilia mbichi mwezi wa Mei, Januari utaona nyufa. Slabu, yaani sakafu ya zege iliyo chini, nayo ipimwe: bandika polithini ya mita moja mraba, ziba kingo kwa tepu, acha saa 24. Ukikuta matone au saruji imegeuka nyeusi, ngoja.

Unaponunua, pima uso wa ubao bila ulimi. Chumba cha mita 4 kwa 5, pamoja na asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea, kinahitaji mita za mraba 22, yaani mita 244 za ubao. Muuzaji akihesabu ulimi na kusema upana ni milimita 96, atakupa 229, na utapungukiwa mita 15.

Mpangilio ndipo mafundi wengi huharibu. Wanaanza na ubao mzima ukutani, wanamalizia na kijiti. Chumba hichohicho, kwenye upana wake wa mita 4, ukiacha nafasi ya milimita 12 kwa kila ukuta ili mbao zipate pa kutanukia, hubaki milimita 3,976. Mbao 44 nzima zinaacha milimita 16 tu, ambazo hazishiki msumari. Afadhali nzima ziwe 43, na mstari wa kwanza na wa mwisho upasuliwe ubaki na upana wa milimita 53 kila mmoja. Mstari wa kwanza ufuate kamba ya chaki. Kuta za Nairobi hazijanyooka kiasi cha kuaminiwa.

Misumari ni ya milimita 50, juu ya ulimi, nyuzi 45, kwenye kila bateni. Toboa kwanza, la sivyo ulimi utapasuka. Viungo vya mistari jirani vipishane milimita 300.

Zulia lisubiri miezi michache, maana mvule hukolea rangi kwa mwanga na litaacha alama. Na anayepiga msasa avae barakoa. Vumbi lake linawasha pua na koo.