Runinga ya inchi 43 kwenye meza ya mhasibu

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikifanya kazi zangu za uhasibu kwenye runinga ya 4K (yenye pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa 2160) ya inchi 43 badala ya monita, na kwa kuwa kila mteja anayefika nyumbani kwangu Donholm, Nairobi, huniuliza kama macho hayaniumi, nimeona ni vyema nieleze kwa mapana jinsi bidhaa ya aina hii inavyofaa, isivyofaa, na kazi inayosubiri mnunuzi baada ya kuitoa kwenye katoni. Sitaitaja chapa ya runinga yangu, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanazihusu runinga za 4K za bei ya kati kwa jumla, na anayenunua chapa nyingine atakutana na mambo hayohayo kwa majina tofauti.

Niliinunua Luthuli Avenue. Dukani ilikuwa ikionyesha video ya samaki wa rangi zote wakiogelea, na muuzaji aliniambia, "Dada, hii ni 4K, hata sisimizi utamwona." Nilimwomba aniruhusu niunganishe kipakatalishi changu, kwa maana samaki hawamwambii mtu lolote kuhusu maandishi. Alisitasita kidogo, kisha akanipisha. Nilifungua faili ya Excel yenye hesabu za chama kimoja ninachokitunzia vitabu, na mara moja kasoro zikajitokeza: herufi za juu ya safu zilikuwa zimekatwa, utepe wa chini wa Windows ulionekana nusu, kila tarakimu ilizungukwa na ukungu mweupe, na hasara nilizoziandika kwa rangi nyekundu zilionekana kama wino uliolowa maji. Mtu mwingine angeondoka, na asingelaumiwa. Mimi niliinunua, kwa sababu nilijua kwamba kasoro zote nne zinatokana na mipangilio wala si na kioo chenyewe.

Runinga hutayarishwa kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye kochi, mita mbili au tatu kutoka kwenye picha. Kwa hiyo kiwandani hutiwa viungo ili filamu ikolee: kingo hukazwa, rangi huongezwa, mwendo hulainishwa. Mtu anayesoma tarakimu akiwa umbali wa mkono mmoja hahitaji hata kimoja cha viungo hivyo, na kazi yake kubwa ni kuviondoa kimoja baada ya kingine hadi runinga ionyeshe kile tu inacholetewa na kompyuta.

Nilianza na kingo. Tangu enzi za runinga zenye chogo, picha ilikuwa ikikuzwa kidogo ili pembeni zake, ambazo hazikuwa safi katika matangazo ya wakati huo, zifichike nyuma ya fremu. Desturi hiyo ilizivuka runinga za zamani ikaingia katika hizi za kisasa. Asilimia chache za picha hukatwa kila upande, kisha kinachobaki huvutwa kujaza skrini, na madhara yake hayaishii kwenye sehemu iliyopotea: hakuna pikseli ya kompyuta inayoangukia pikseli yake halisi ya kioo, kwa hiyo maandishi yote hupoteza ukali, hata yale ya katikati. Dawa iko kwenye menyu ya ukubwa wa picha ya runinga yenyewe. LG huiita Just Scan, Samsung huiita Fit to Screen, na Sony hutumia jina Full Pixel. Wapo wanaotumia programu ya kadi ya michoro kuipunguza picha hadi kingo zionekane. Nawasihi wasifanye hivyo, kwa kuwa picha itapunguzwa na kompyuta kisha ikuzwe tena na runinga, na maandishi yatabaki na ukungu uleule.

Kasoro ya rangi nyekundu ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo inayostahili maelezo zaidi, kwa sababu wengi huiona na kudhani kwamba wameuziwa runinga mbovu. Jicho la binadamu hutambua tofauti za mwanga vizuri kuliko tofauti za rangi. Watengenezaji wa video walilitumia jambo hilo kupunguza ukubwa wa data: kila pikseli huhifadhiwa na mwanga wake, lakini rangi hugawiwa kundi la pikseli nne kwa pamoja, mpango unaoandikwa 4:2:0. Katika uso wa mtu au katika mawingu hakuna anayeona upungufu huo. Katika Excel mambo ni mengine kabisa, kwa kuwa mguu wa tarakimu 1 huwa na upana wa pikseli moja au mbili tu, na rangi yake ikigawanywa na majirani, tarakimu nzima huvujia kwenye kisanduku. Niliandika neno "salio" kwa nyekundu juu ya kisanduku cheusi, nikasogea karibu: herufi l na i zilikuwa zimeungana kuwa doa moja la rangi ya damu ya mzee, na kwenye safu iliyofuata sikuweza kutofautisha 8 na 6 bila kukuza ukurasa. Kwa mhasibu, hilo si suala la urembo.

Kinachotakiwa ni kila pikseli ipewe rangi yake, yaani 4:4:4, na runinga nyingi za 4K zina uwezo huo ila hazifungui mlango wake mpaka ziambiwe. Katika runinga za Samsung na LG, mtu huenda kwenye orodha ya vyanzo vya picha, akachagua tundu la HDMI (la kebo ya picha na sauti) lenye kompyuta, akabadilisha alama yake iwe PC. Si jina la mapambo; runinga huacha uchakataji mwingi inapoliona. Aidha, tundu lenyewe hulazimika kuruhusiwa kupokea data yote, kupitia mpangilio ambao Samsung huuita Input Signal Plus na LG huuweka chini ya HDMI Deep Colour. Nilipofanya yote mawili, l na i ziliachana papo hapo. Baada ya hapo nilihakikisha kwamba kompyuta na runinga zinakubaliana kuhusu kiwango cha weusi, kwa kuwa video hutumia thamani za 16 hadi 235 ilhali kompyuta hutumia 0 hadi 255; zisipopatana, weusi hugeuka kijivu au vivuli vyote humezwa na giza.

Ukungu mweupe uliozizunguka tarakimu ulikuwa rahisi. Huo ni ule mpangilio wa ukali wa picha, ambao jina lake hupotosha, maana hauongezi ukali wowote bali huchora mstari wa mwanga kando ya kila ukingo. Katika chapa nyingi inafaa uteremshwe hadi sifuri. Sony ni tofauti, kwani katika runinga zake nyingi hali ya kawaida ni 50, na kushuka chini ya hapo huitia picha ukungu.

Ilibaki kebo. Niliponunua ile ya kwanza, katika duka jingine, niliambiwa kwamba kebo zote za HDMI ni sawa. Si kweli. Picha ya 4K inayoburudishwa mara 60 kwa sekunde, yenye rangi kamili, inahitaji HDMI 2.0 na kebo inayostahimili gigabiti 18 kwa sekunde, na ile yangu ilikuwa ikiizima skrini kwa sekunde mbili kila baada ya dakika kadhaa, jambo lililonisumbua sana tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kebo yenye alama ya Premium High Speed iliniondolea adha hiyo. Hata hivyo, tundu la HDMI la kipakatalishi changu ni la toleo la 1.4, kama yalivyo matundu ya vipakatalishi vingi vilivyotumika vinavyouzwa mjini, na toleo hilo huishia mara 30 kwa sekunde katika 4K yenye rangi kamili. Kwa kasi hiyo mshale wa kipanya huburuta miguu, na mtu huchoka bila kujua kinachomchosha. Nilipata njia kupitia tundu la USB-C, kwa adapta iliyoandikwa wazi kwamba inatoa 4K kwa Hz 60, yaani mara 60 kwa sekunde. Ningemshauri anayekusudia kununua runinga akague matundu ya kompyuta yake kabla ya kutoka nyumbani.

Kuhusu mwanga, nimeizima kabisa hali ya kuokoa umeme, kwa sababu ilikuwa ikipandisha na kushusha mwanga kila nilipotoka kwenye ukurasa mweupe kwenda kwenye mweusi. Taa ya nyuma nimeishusha hadi karibu theluthi yake, na rangi nimeiweka kwenye Warm, ambayo siku ya kwanza huonekana ya manjano kwa sababu jicho limezoea ubuluu wa dukani. Hali ya michezo nayo hufaa kwa runinga zisizo na alama ya PC, kwa kuwa hupunguza ucheleweshaji kati ya kubonyeza kitufe na kuona matokeo.

Ukubwa wake ni neema kwa kazi yangu. Inchi 43 za 4K ni sawa na skrini nne za inchi 21.5 za 1920 kwa 1080 zilizounganishwa bila fremu katikati: kitabu cha fedha juu kushoto, taarifa ya benki kulia, marejesho chini, na bado nafasi inabaki. Msongamano wake wa pikseli ni takriban 102 kwa inchi, juu kidogo ya ule wa monita ya kawaida ya inchi 24. Lakini skrini hii ina upana wa sentimita 95, na meza yenye kina cha sentimita 60 haitoshi. Nilimwita fundi akaitundika ukutani, nami huketi karibu sentimita 90 kutoka kwayo. Anayefikiria runinga ya inchi 32 kwa sababu ni nafuu namsihi asome kwanza maandishi ya katoni. Nyingi za ukubwa huo ni za pikseli 1366 kwa 768, na hakuna mpangilio wowote utakaozifanya zifae kusomea hesabu.

Yapo ambayo sijayaweza. Kioo chake kinang'aa, na kuanzia saa tisa alasiri jua la dirishani hunilazimu kufunga pazia. Pembe za skrini hufifia kidogo ninapozitazama kutoka katikati. Kipakatalishi kikilala, runinga hailali nacho, na umeme ukipotea ukarudi, yenyewe huamkia kwenye menyu yake ya filamu badala ya HDMI, kwa hiyo rimoti imepata makao ya kudumu mezani kando ya kikokotoo.