Klipa ipi ununue? Mpangilio wa plagini za kukata vilele vya sauti

Klipa ni plagini, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye programu ya kutengenezea muziki, inayokata vilele vya wimbi la sauti pale vinapovuka kiwango ulichokiweka. Hufanya hivyo papo hapo, bila muda wa kushika wala muda wa kuachia, tofauti na limita, ambayo huishusha sauti nzima kwa muda kila inapovuka kiwango. Tuchukue biti ya singeli inayokwenda kwa mapigo 240 kwa dakika. Kati ya pigo moja na jingine pana milisekunde 250 tu, na limita iliyowekewa muda wa kuachia wa milisekunde 200 huwa haijatulia vizuri kabla kiki (pigo la ngoma nzito ya chini) nyingine haijaigonga, kwa hiyo sauti ya mwimbaji na kinanda huzama na kuibuka kwa kufuata ngoma. Klipa hukata ncha ya kiki peke yake, kwa muda mfupi mno, na vyote vinavyofuata hupita vilivyo.

Ukubwa wa sauti si kigezo cha kununulia, kwa sababu hata klipa ya bure hukuza sauti. Fedha yako inalipia mambo mawili: namna plagini inavyoshughulikia uchafu unaotokana na ukataji, na mchoro wa wimbi unaokuonyesha ni kiasi gani umekata. La kwanza linahitaji maelezo. Kila unapokata wimbi unazaa hamoniki mpya, yaani sauti za ziada zilizo juu ya sauti ya awali. Sauti ya hezi 9,000 ikikatwa sawasawa juu na chini huzaa hamoniki ya hezi 27,000, lakini mradi wenye sampuli (vipimo vya wimbi) 44,100 kwa sekunde hauwezi kubeba chochote kinachozidi hezi 22,050, hivyo hamoniki hiyo hujikunja na kurudi kwenye hezi 17,100, mahali ambapo haina uhusiano wowote wa kimuziki na sauti iliyoizaa. Kwenye kiki hutaisikia kwa urahisi. Kwenye matoazi na sauti za juu za mwimbaji utasikia ukakasi usiojua umetoka wapi. Dawa yake ni kuzidisha sampuli: plagini hufanya kazi kwa kasi ya mara 4, 8 au zaidi, huchuja kilichovuka mpaka, kisha hurejesha wimbi kwenye kasi ya mradi. Dawa hiyo nayo ina gharama, kwani hula nguvu ya kompyuta, na uchujaji wenyewe huweza kuinua tena baadhi ya vilele juu ya kiwango ulichokiweka.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa StandardCLIP ya SIR Audio Tools. Ina ukataji mkali na aina mbili za ukataji laini, huzidisha sampuli hadi mara 256, na mchoro wake wa wimbi hukuonyesha waziwazi sehemu iliyokatwa. Sura yake haina mvuto na haina mbwembwe, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa sifa. Mara 256 hutazihitaji. Kwa kazi ya kawaida mara 8 hutosha, na wakati wa kupanga biti unaweza kukuzima kuzidisha huko kabisa kisha ukakuwasha unapotoa faili la mwisho.

Ya pili ni FreeClip ya Venn Audio, ambayo ni ya bure, na kuwa bure kusikufanye uidharau. Inakupa maumbo kadhaa ya ukataji, kuanzia mkali hadi laini, pamoja na kuzidisha sampuli. Anayeanza aipakue hii, aizoee, kisha ajiulize kama kweli anahitaji kununua nyingine.

Nafasi ya tatu ni KClip 3 ya Kazrog, inayomfaa anayefanya masta (matoleo ya mwisho ya nyimbo) za watu wengine, kwa kuwa ina namna za ukataji zinazoiga vifaa kama valvu na tepu, na huweza kugawa sauti katika bendi, yaani tabaka za chini hadi za juu, ili besi ikatwe kwa kiwango chake na matoazi kwa kiwango chao. Uhuru huo ni mtego kwa asiye na spika za kuaminika. Kampuni hiyohiyo hutoa KClip Zero bila malipo.

Saturate ya Newfangled Audio naiweka ya nne. Imebuniwa kulinda undani wa sauti hata ikisukumwa sana, na kwa masta nzima hufanya kazi nzuri, lakini kwa ngoma moja moja ni kutumia shoka kuvunjia karanga. Gold Clip ya Schwabe Digital inafuata, nayo ni chombo cha fundi wa masta ambaye tayari anajua anachokitafuta.

Anayetumia programu ya muziki ya FL Studio, kabla hajatoa hata shilingi, afungue Fruity Soft Clipper iliyomo ndani yake. Ina vitufe viwili tu vya kuzungusha, kimoja cha kizingiti na kingine cha sauti inayotoka. Upungufu wake ni kwamba haina pa kuzidisha sampuli, hivyo iweke kwenye kiki na snea (ngoma kali ya juu), si kwenye masta. Watumiaji wa Ableton Live, programu nyingine ya muziki, wanayo Saturator yenye namna ya Digital Clip.

Unapojaribu, shusha sauti inayotoka hadi ilingane na ile ya kabla ya klipa, kwa sababu sikio hupenda kilicho kikubwa na litakudanganya. Anza kwa kukata desibeli 2 au 3 kwenye kundi la ngoma. Baada ya klipa ya masta weka limita yenye mwisho wa desibeli -1 kwa kilele halisi (kilele cha wimbi linapogeuzwa kuwa sauti, si cha sampuli peke yake), kiwango ambacho Spotify hukipendekeza. Na kwa kuwa huduma hiyo hushusha nyimbo hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kukata kupita kiasi hakukupi chochote huko zaidi ya ngoma zilizopoteza makali.

Plagini hizi huuzwa mtandaoni kwa dola au yuro, na kwa asiye na kadi ya benki, kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa na M-Pesa nchini Kenya na Tanzania huweza kutumika. Bei hushuka mara kwa mara, hasa mwezi Novemba. Nakala zilizovunjwa zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ziache, maana faili moja lenye virusi linaweza kuondoka na miradi yako yote.