Protein Data Bank darasani: kuuona mkia wa Src uliokatwa na virusi

Kwa mwalimu wa biolojia anayetaka kueleza jinsi jeni ya virusi inavyoipotosha seli, sijapata huduma ifaayo kuliko Protein Data Bank, hifadhi ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971, ambayo mtu yeyote huitumia bila malipo.

Nimeitumia kufundishia Src, jeni ambayo habari zake zinaanzia New York, ambako Peyton Rous alionyesha mwaka 1911 kwamba uvimbe wa saratani ya kuku huambukizwa kwa maji yaliyochujwa hadi yasibaki na seli hata moja. Ukiandika 2SRC kwenye kisanduku cha kutafutia, unaletewa umbo la protini itokanayo na jeni hiyo, yaani Src ya kawaida ya binadamu, nawe unaweza kulizungusha upendavyo. Protini hiyo ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye tairosini (moja ya asidi amino zinazounda protini) za protini nyingine, na kwa njia hiyo seli hupashwa habari kwamba wakati wa kukua na kugawanyika umefika. Katika umbo hili, hata hivyo, kimeng'enya kimezuiwa: tairosini iliyo mkiani, ya 527 ukihesabu asidi amino za Src ya kuku, imebandikwa fosfeti na kushikwa na sehemu ya protini hiyohiyo iitwayo SH2, kama kisu cha kukunja kilichorudishwa ndani ya mpini wake.

Hapo ndipo huwauliza wanafunzi itakuwaje mkia huo ukiondolewa, kwa sababu ndivyo ilivyo Src ya virusi vya Rous, vile vilivyokuwa ndani ya maji yake yaliyochujwa: asidi amino 19 za mwisho hazipo, zimewekwa 12 ngeni, na tairosini ya 527 imekwenda nazo. Kimeng'enya kinabaki wazi, kikitoa amri ya kukua mfululizo hata pale ambapo hakuna kichocheo chochote kilichoigusa seli kutoka nje. Aliyekwisha kuuona mkia huo kwa macho yake haoni ugumu kuelewa uzito wa ugunduzi wa watafiti Michael Bishop, Harold Varmus na wenzao, uliochapishwa mwaka 1976, kwamba virusi hivyo viliichukua jeni hii kwa kuku wenyewe.

Maelezo yote yako kwa Kiingereza, na ukurasa wa kwanza umejaa vipimo vya fuwele (protini iliyogandishwa kwa mpangilio ili umbo lake lipimwe) ambavyo mwanafunzi wa sekondari havimhusu, kwa hiyo ni heri kuanzia sehemu ya PDB-101, iliyoandikwa kwa wasio wataalamu. Mwalimu awaonye wanafunzi mapema kwamba tairosini hiyohiyo kwa hesabu ya binadamu ni ya 530, la sivyo watadhani ni mbili. Tena, fuwele ni picha iliyotulia: haionyeshi amri ikisafiri kutoka Src hadi Ras, protini nyingine ya kupitisha habari, na kuendelea mpaka kwenye kiini, na safari hiyo mimi bado naichora ubaoni kwa chaki, umbo la 2SRC likiwa bado liko mbele ya darasa.