Sauti za Wananchi ya Twaweza: usahihi wake na tuhuma za upendeleo

Mwezi Septemba 2015, kampeni za uchaguzi mkuu wa Tanzania zikiwa zimepamba moto, taasisi ya kiraia ya Twaweza ilitangaza kupitia utafiti wake wa simu wa Sauti za Wananchi kwamba asilimia 65 ya wahojiwa wangemchagua John Magufuli wa chama tawala, CCM, na asilimia 25 wangemchagua Edward Lowassa, mgombea wa Chadema aliyeungwa mkono na Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani. Wapinzani walilalamika kwamba utafiti huo umepikwa ili kuibeba CCM. Julai 2018 taasisi hiyo hiyo ilieleza kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 na 71 mwaka 2017 hadi kufikia 55. Safari hii waliokasirika walikuwa upande wa serikali: Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) iliiandikia Twaweza barua ikidai utafiti haukuwa na kibali, na Uhamiaji ikachukua pasipoti ya mkurugenzi wa Twaweza wa wakati huo, Aidan Eyakuze.

Wapo wanaosema kwamba anayelaumiwa na pande zote mbili hana upande. Sikubaliani nao, kwa sababu lawama hazipimi utafiti. Kinachoupima ni kura zilizohesabiwa. Katika matokeo ya Oktoba 2015, Magufuli alipata asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Twaweza ilimzidishia Magufuli takribani pointi sita na nusu, na ikampunguzia Lowassa pointi kumi na tano. Hata kama wahojiwa wote ambao hawakumtaja yeyote kati ya hao wawili wangemwendea Lowassa, angefika 35 tu. Kosa la ukubwa huo haliwezi kuelezwa kwa bahati mbaya ya sampuli. Kampuni ya utafiti ya Ipsos, iliyotoa asilimia 62 kwa 31 katika kipindi hicho hicho, nayo ilikosea kuelekea upande ule ule, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Je, huo ni upendeleo wa makusudi? Sioni ushahidi wake. Naona zaidi udhaifu unaotokana na njia yenyewe. Kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu Tanzania Bara, mhojiwa katika kila kaya akapewa simu pamoja na chaja ya sola, kisha akawa anapigiwa mara kwa mara. Utaratibu huo unastahili sifa, kwa kuwa unamfikia mkulima wa kijiji kisicho na umeme ambaye utafiti wa kawaida wa simu ungemwacha nje. Lakini mhojiwa huyo anafahamu kwamba anayempigia ndiye aliyempa simu na anajua anakoishi. Akiwa anaunga mkono upinzani, ana kila sababu ya kupima maneno yake kabla ya kujibu. Aidha, Zanzibar haikuwemo, na mahojiano yalimalizika mapema Septemba, wiki saba kabla ya kura.

Ikiwa hofu ya namna hiyo ndiyo iliyopindisha majibu, basi ilimsaidia aliye madarakani, na hapo ndipo matokeo ya 2018 yanapopata uzito. Ile asilimia 96 ya mwaka 2016 naisoma kwa tahadhari kubwa, lakini 55 naiamini zaidi, kwa kuwa watu walithubutu kutamka kutoridhika kwao katika wakati ambao kusema hivyo kulikuwa kugumu kuliko awali.

Twaweza pia huweka data zake wazi bila malipo na huandika muhtasari kwa Kiswahili, jambo ambalo mwenye nia ya kupika takwimu asingelifanya. Kwa maswali ya maji, afya, elimu na bei ya chakula ningeitegemea bila wasiwasi mkubwa. Kwa ubashiri wa kura ningetazama mwelekeo wa takwimu na kuacha kushikilia idadi yenyewe, na ningeomba kila muhtasari ueleze katika ukurasa wa kwanza ni wangapi kati ya wahojiwa wa awali bado wanapokea simu, na ni akina nani walioacha.